Tumbo la Mke Mwenzangu Aliliamini, Langu Akaliita Wivu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mkulima, mama wa watoto wawili wa kike. Ningekuwa na wa tatu... lakini nisianze na machozi kabla hamjajua ni nani analia.

Kuandika nimejifunzia ukubwani, katika darasa la elimu ya watu wazima, chini ya paa la ghala la kijiji. Kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote yote kwa pamoja, hata mama yangu mzazi.

Niliolewa nikiwa bado msichana, nikaletwa upande huu wa Kenyamonta kwa mume wangu, Marwa. Siwezi kumsema vibaya kwa miaka ile ya mwanzo. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na tulipompata binti yetu Robi alimbeba begani mpaka kwenye minada ya ng'ombe, wenzake wakamcheka. Hakujali! Akaja wa pili, Gati, naye akampenda vilevile. Mimi nikajiona nimefika.

Kisha akaoa mke wa pili.

Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Baba yangu alikuwa na wake watatu, nami nilikulia humo. Nilijua siku hiyo ingekuja. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwona msichana mbichi akipita mlangoni na begi la nguo zake ni kitu kingine kabisa... Aliitwa Wankuru. Kwao ni Morotonga, karibu na Mugumu. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, na alicheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Ule mkono niliuchukia tangu siku ya kwanza!

Hata hivyo tuliishi. Nyumba yangu ilikuwa kilimani na zizi langu. Yake alijengewa ng'ambo ya kijito. Usiku ambao haukuwa zamu yangu nililala na watoto wangu, sikusikia kitu wala sikuona kitu. Wivu ulikuwepo, lakini ulikuwa umelala.

Ni kuhamia kijijini ndiko kulikouamsha.

Mnakumbuka wenyewe ule wakati wa vijiji vya ujamaa, kila mtu alivunja mji wake akaenda kupangwa kwenye mistari. Sisi tulipimiwa kiwanja kimoja cha kaya. Kiwanja kimoja, nyumba mbili, ua mmoja! Ukuta wangu wa udongo ulitazamana na ukuta wake, katikati palitosha kupita mtu na ndoo ya maji kichwani. Nikikohoa alisikia. Akicheka nilisikia. Na yeye alicheka sana, wasomaji... Alicheka mume wetu akiwa kwake, nami nilijilaza nikihesabu nyufa za ukutani, nikijiuliza, ni nini anamwambia cha kuchekesha hivyo? Mbona mimi hanichekeshi tena?

Wakati huohuo Marwa akapewa trekta la kijiji aliendeshe. Aliwahi kufundishwa udereva kwenye shamba la pamba kabla hatujaoana, na hapo kijijini hakukuwa na mwingine aliyejua. Basi akawa mtu mkubwa. Wazee walimwita kwa jina, watoto walimkimbilia. Na sisi wake zake tukazidi kumgombania, ingawa hakuna aliyetamka neno hilo.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza kuharibika.

Jioni moja ya zamu yangu nilikuwa nimechinja kuku. Marwa ameketi kwenye kigoda, Robi anamwimbia wimbo wa shule. Ghafla tukasikia kilio upande wa pili. Wankuru! Alikuwa ameshika tumbo, amejikunja mlangoni kwake, anaita jina la mama yake. Marwa aliruka kile kigoda kama mtu aliyeumwa na nyoka. Hakurudi kwangu usiku ule. Kuku walimla watoto, mimi sikumeza hata kipande.

Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Asubuhi nilimpelekea uji. Lakini zamu yangu iliyofuata tumbo lilimshika tena. Na iliyofuata pia! Siku za zamu yake alikuwa mzima, anatwanga na kucheka. Jua likielekea kutua siku ya zamu yangu, tumbo hilo! Niambieni ninyi wanawake wenzangu, mngefikiri nini?

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, alisema binti wa watu amelogwa. Aliposema hivyo alinitazama mimi.

Marwa hakutaka habari za uchawi, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema atampeleka akapigwe picha. Wakati ule mashine ya kupiga picha za tumboni ilikuwa kwenye hospitali ya misheni, mbali, kupita Mugumu. Alimpakia Wankuru kwenye trela la trekta la kijiji, akamtandikia godoro langu... ndiyo, langu! Akamnunulia na blanketi jipya njiani, la mistari myekundu. Msimu wa kulima ulikuwa umepamba moto na shamba la kijiji lilikuwa linasubiri trekta. Yeye hakujali, akaondoka.

Waliporudi, Wankuru alishuka akiwa na bahasha kubwa. Ndani yake mlikuwa na ile picha yenyewe, jani jeusi linalong'aa. Wanawake wa mstari mzima walikuja kuiona. Aliishika juu mlangoni, jua likapita ndani yake, nasi tukaona mbavu, uti wa mgongo, na mifupa ya nyonga. Watu walishangaa, "Aah! Ndani ya mtu ndivyo kulivyo!"

Mimi nami nilitazama. Na je, mtaamini? Niliona wivu hata kwa mifupa yake. Ilikuwa imenyooka vizuri. Nikasema moyoni, huyu mpaka ndani kwake kumetazamwa, na mimi hata usoni hakuna anayenitazama...

Picha haikuonyesha ubaya wowote. Marwa alituambia kuwa daktari alimweleza hivi: tumbo la huyu mama halina kitu cha kutisha, ila picha haionyeshi kila kitu, kwa hiyo akizidiwa arudishwe. Basi Marwa akalishika hilo neno la "arudishwe." Kila Wankuru alipolia, yeye alikaa naye mpaka asubuhi akisubiri kama atazidiwa.

Kijiji nacho kilikasirika. Mwenyekiti alimwita kwenye mkutano akamsema mbele ya watu wote. Trekta ni la wananchi, si gari la wake zako! Akionekana tena amelichukua kwa shughuli za nyumbani, atanyang'anywa. Marwa alirudi ameinamisha kichwa.

Mimi siku ile nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa jikoni, mimi, yeye na mama mkwe. Nikatamka kwa hasira, "Basi na mimi nitajifunza kuumwa tumbo, labda nitapata mume!"

Mama mkwe aliguna. Marwa alinitazama, akatoka nje. Laiti ningejua neno lile litanirudia vipi!

Wakati huo nilikuwa na mimba, imekaribia miezi sita. Niliibeba kama siri ya furaha. Nilijiambia kwamba nikimzalia mtoto wa kiume mambo yatabadilika, kicheko kitahamia upande wangu wa ukuta. Usiku nilishika tumbo nikaongea na yule mtoto. Alikuwa akicheza upande wa kulia. Alikuwa rafiki yangu, jamani...

Maumivu yalinishika shambani, asubuhi, tukiwa kwenye mstari wa palizi katika shamba la kijiji. Sikuwa nimekula kitu kibaya wala sikuwa nimeanguka. Nilikuwa nainua jembe, mara nikasikia kitu kinapinda chini ya kitovu, kinapinda hasa, kama mtu anayekamua nguo. Jembe likanidondoka. Nilipiga magoti kwenye mahindi.

Mnajua wenzangu walisema nini? Mmoja alicheka, "Mama Robi naye ameanza!" Wote wakacheka. Kijiji kizima kilikuwa kimechoka na matumbo ya nyumba yetu!

Nilijikokota hadi zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, alinibonyeza, akaniuliza mimba ina muda gani, akasema ni uchungu wa uongo, huja na huondoka, nikapumzike. Akanipa vidonge. Simlaumu sana, maana mwanamke mwenye mimba akisema tumbo linauma, nani atafikiri jambo lingine?

Nyumbani maumivu hayakuondoka. Yalikuja kwa mawimbi, kisha hata mawimbi yakaisha, ikabaki kuuma tu. Tumbo likaanza kuvimba juu ya uvimbe wa mimba, likawa gumu kama ngoma iliyowambwa. Choo hakikutoka, hata upepo haukutoka. Nilitapika maji ya kijani.

Marwa aliporudi alisimama mlangoni. Sikuweza kuongea vizuri. Nilimwambia, "Baba Robi, nakufa. Nipeleke."

Akaniuliza, "Leo ni zamu ya nani?"

Wasomaji, nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni zamu ya Wankuru," alijijibu mwenyewe. "Nilijua. Ulisema utajifunza, sasa umejifunza."

Mama mkwe alisema nyuma yake kwamba huo ni wivu, mimba na wivu, aniache nitatulia. Naye akaniacha. Aliondoka! Nilimsikia akiosha miguu nje, nilimsikia akiingia upande wa pili. Robi wangu mdogo alikaa nami akinipepea kwa ungo. Alinitazama kwa macho makubwa.

Asubuhi ya pili sikujua tena ni asubuhi. Watu walikuwa sauti tu. Nakumbuka mtoto tumboni alicheza sana, akicheza kama anayegonga mlango, halafu akatulia.

Wankuru ndiye aliyeingia na uji. Aliweka kikombe chini, akanishika paji la uso, akainua shuka na kulitazama tumbo langu. Alitoka akikimbia, na uji akaupiga teke bila kuona.

Ule ukuta niliouchukia, ndio ulioniwezesha kusikia yaliyofuata. Marwa alikuwa uani anapaka grisi jembe la trekta. Nilisikia kila neno.

"Baba Robi, washa trekta."

"Unasemaje?"

"Washa trekta. Mama Robi anakufa."

"Ana wivu tu, mwache."

"Haumwi wivu!" Sauti yake ilikuwa juu kama ya mtu anayegombana sokoni. "Mimi ndiye ninayejua wivu unavyouma. Mimi nilikuwa naumwa kwa mdomo! Umesikia? Lile tumbo langu lilikuwa la uongo!"

Nikasikia mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mtama, akiacha.

"Nilipokuwa nalia nilikuwa nachungulia kama unakuja," Wankuru aliendelea, sasa analia kweli. "Huyu hachungulii. Nimesimama mbele yake hajui kama nipo. Umtazame usoni mwenyewe halafu uje unipige."

Nilisikia kofi. Halafu nilisikia hatua za kiatu, mlango ukasukumwa, na Marwa akasimama juu yangu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisema tu, "Tata!" kama mtoto anayemwita baba yake, akakimbia nje, na trekta likanguruma.

Nilikuwa karibu na kifo, lakini je, mnajua nilifikiri nini nilipolisikia lile trekta? Nilifikiri, amewasha kwa neno la yule! Mimi nimelia mchana na usiku hakuwasha. Yule amesema mara moja, amewasha. Hata kuokolewa nimeokolewa kwa mdomo wake! Wivu, jamani, haumwachi mtu hata akiwa anakata roho.

Walinilaza kwenye trela. Wankuru alinifunika lile blanketi lake la mistari myekundu. Sikuwa na nguvu za kulisukuma.

Safari ile siwezi kuieleza. Kila shimo la barabara liliingia tumboni. Tulipita Mugumu jua likiwa kali, watu wa sokoni wakasimama kututazama. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Wankuru, naye aliniwekea kanga usoni nisipigwe na vumbi.

Hospitalini daktari alikuja haraka. Aligonga tumbo langu kwa vidole, likalia kama debe tupu. Akaniuliza lilianza vipi, polepole au ghafla? Nikasema ghafla. Upepo unatoka? Hautoki. Akaniwekea chombo cha kusikiliza mtoto, akakisogeza huku na huku, akasikiliza kwa muda mrefu.

Alimweleza Marwa kwamba mwanamke mwenye mimba hawapendi kumpiga picha, kwa ajili ya mtoto. Lakini tumbo hili linaweza kuwa na moja ya sababu mbili zinazofanana, uchungu wa uzazi au utumbo, na akikata bila kujua, au akingoja bila kuona, atatupoteza wote. "Itabidi tuone," alisema. "Nitapiga kwa uchache iwezekanavyo."

Walinisimamisha mbele ya ubao wa baridi, manesi wawili wakanishika makwapa. Mtu mmoja akasema, "Vuta pumzi... usipumue!" Nikajiuliza, hivi hii ndiyo picha niliyoionea wivu? Nilimwonea mwenzangu wivu kwa kitu hiki?

Picha ilioshwa katika chumba cha giza, ikaletwa bado inadondosha maji, ikatundikwa mbele ya taa. Nilikuwa kwenye machela pale pale, kichwa kimegeukia upande ule, kwa hiyo niliona pia.

Daktari alimwuliza Marwa anafanya kazi gani. Akajibu, dereva wa trekta.

"Basi unaijua tyubu ya gurudumu," daktari alisema. "Ukiikunja katikati na kuisokota, halafu ukaendelea kuipuliza, itakuwaje? Tazama hapa. Huu ni utumbo mkubwa. Umejisokota hapa chini. Hewa imejaa haina pa kutokea, na damu haipiti. Hauna uhusiano na uchungu wa uzazi. Tukingoja utaoza na kupasuka. Tunampasua sasa hivi."

Marwa aliuliza kwa sauti ndogo, akionyesha kwa kidole, "Na hii mistari midogo?"

Kando ya ile tyubu nyeusi, imesukumwa upande wa kulia, kulikuwa na kitu chembamba cheupe, kama shanga zilizotungwa. Na kichwa cha mviringo.

"Huo ni uti wa mgongo wa mtoto wenu," daktari alisema.

Ndivyo nilivyomwona mwanangu akiwa bado ndani yangu. Mgongo wake. Alikuwa amejikunja kwenye pembe, kama mtu aliyesogezwa kwenye kitanda kidogo.

Walinipasua jioni ileile. Sehemu ya utumbo ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, wakaikata na kuunganisha mzima kwa mzima. Mimi nikapona. Mtoto alizaliwa kesho yake, hakulia. Alikuwa wa kiume.

Nesi aliniuliza kama nataka kumwona. Nilimwona. Alikuwa na masikio ya baba yake.

Daktari alikuja kukaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Nilimwuliza swali ambalo kila mama angeuliza. Je, kama ningeletwa siku ile ile? Hakutaka kujibu. Nilipomsihi alisema tu kwamba mapema ni bora kuliko kuchelewa, na kwamba picha ya siku ya kwanza ingemwonyesha jambo lile lile, utumbo ukiwa bado mzima. Akatazama chini. Nikaelewa...

Na Marwa? Alilia hadi shati likalowa. Lakini katikati ya kilio chake alinitamkia maneno ambayo sijayasahau. "Kwa nini hukusema kwa nguvu kwamba ni kweli?"

Kwa nguvu! Ningesemaje zaidi? Mtu anayekufa asemeje ili mumewe aamini kwamba anakufa? Niligeukia ukutani.

Nilikaa hospitali muda mrefu. Wankuru alirudi nyumbani na Marwa kwenye trekta, akawatunza Robi na Gati. Watoto waliniambia baadaye kwamba aliwasuka nywele kila Jumapili na kuwaombea kwa sauti mama yao arudi. Niliposikia hivyo niliona wivu kwa hilo pia. Watoto wangu, mikononi mwake!

Siku niliporudi, ua ulikuwa kimya. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nikauliza.

Marwa alikuwa ameketi akinisubiri, uso wa mtu mwenye zawadi. Alisema, "Nimemrudisha kwao Morotonga. Mwongo yule! Alituchezea wote. Nimefanya kwa ajili yako, Mama Robi. Sasa utapumzika."

Kitu nilichokiomba tangu tulipohamia kijijini, nimepewa! Ukuta ule hautacheka tena! Zamu zote ni zangu! Mbona sikufurahi? Nilisimama pale na kovu langu nikajaribu kufurahi, ikashindikana. Yule aliyesema uongo kufukuzwa ni sawa... lakini je, aliyeusikia uongo akauita kweli, na aliyeusikia ukweli akauita uongo, yeye anafukuzwa na nani?

Nilipopata nguvu ya kutembea nilipanda basi hadi Mugumu, nikaenda Morotonga kwa miguu. Sikumuaga Marwa.

Nilimkuta Wankuru anapukuchua mahindi na mama yake. Aliinuka, akasema, "Shikamoo, dada." Hakuwa amewahi kuniita dada. Mama yake aliingia ndani akatuacha.

Nikaketi, tukapukuchua wote wawili. Kisha nilimwuliza kwa nini alifanya vile.

Aliniambia kwamba siku ya kwanza tumbo lilimuuma kweli, la kawaida la mwezi. Akalia tu kwa upweke. Marwa akaja mbio. "Hakuna mtu aliyewahi kuja mbio kwa ajili yangu," alisema. "Kwetu tuko wasichana wengi. Basi nikajua njia."

Kisha akasema jambo lililonishangaza. Kumbe yeye naye alikuwa akiusikiliza ukuta! Alisikia Robi akiimba, alisikia Marwa akiwauliza watoto habari za shule, alisikia sisi wanne tukiwa familia. "Wewe unaitwa Mama Robi," alisema. "Mimi naitwa yule mdogo. Nilikuwa nikicheka kwa sauti ili usikie."

Ningemkumbatia? Ningempiga? Sikufanya lolote. Nilimwambia, "Rudi nyumbani. Mimi ndiye ninayesema, yeye atakubali."

Alitikisa kichwa.

"Hapana, dada. Uongo wangu aliukimbilia, ukweli wako akaupa mgongo. Siku nitakapoumwa kweli mimi, atafanyaje? Siwezi kulala kwa mtu kama huyo nikapata usingizi."

Na mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kulala kwake. Kwetu sina tena nafasi, ng'ombe za mahari yangu kaka yangu alikwisha kuzitumia kuoa, na wanangu wako pale. Wankuru alinisindikiza mpaka barabarani, tukaagana kwa mikono. Sasa nasikia ameolewa na fundi cherehani Mwislamu wa Mugumu, amekuwa na duka dogo na mtoto. Nikisikia hivyo bado kuna kitu kinanichoma. Sasa mnajua ni nini.

Marwa alinyang'anywa trekta, akapewa kijana mwingine. Anashinda shambani na mimi. Kila jioni yuko nyumbani kwangu, ananitafutia kuni, ananiuliza kama nimekula. Sijapata mimba nyingine. Nikigeuka kitandani tu anashtuka, "Tumbo?" Namwambia hapana.

Mwaka huu, mchana mmoja, Robi alirudi kutoka shuleni amejikunja, anashika tumbo. Hakufika hata mlangoni. Marwa alitupa panga alilokuwa nalo, akambeba mgongoni mtoto mkubwa vile, akakimbia. Hakuuliza kitu! Hakuuliza ameanza lini wala kama anakwepa kazi. Alikimbia pekupeku mpaka zahanati, na lilipopatikana gari la kwenda hospitali akaling'ang'ania mpaka wakatupakia. Picha ikapigwa. Ilikuwa minyoo, imejifunga fundo. Akapewa dawa, akapona bila kupasuliwa. Mungu ni mwema!

Lakini niwaambieni ukweli wa mwisho, maana ndio niliokusudia kuandika. Nilipokuwa nikikimbia nyuma yao, kovu langu likivuta, nikimtazama mume wangu akipasua vumbi na mwanangu mgongoni, nilishukuru... na papo hapo nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe. Nilisema moyoni, kumbe anajua kukimbia hivi! Kumbe miguu hii alikuwa nayo!

Enyi wanawake wenzangu mnaoishi wake wawili au watatu, nawasihi msiuchezee ugonjwa ili kumvuta mwanamume. Siku mwenzako akiumwa kweli, uongo wako utakuwa umekwisha kumfungia mlango. Na ninyi waume, mtu akishikwa na tumbo ghafla nyumbani kwako, usichunguze moyo wake kwanza. Usiulize ni zamu ya nani, wala ana hasira na nani. Hayo hayaonekani, na hata yakiwepo hayazuii utumbo kujisokota. Mbebe umfikishe kwa daktari, palipo na mashine apigwe picha, kisha mengine mtayagombania akiwa hai.

Mwanangu sikumpa jina. Nilimwona mgongo, nikamwona masikio, basi.